Nguzo ya Kumi na Nne

Mzee Kibwana alizikwa Alhamisi, baada ya swala ya adhuhuri, pembeni mwa shamba lake la mikorosho mbele kidogo ya Maneromango. Mimi nilifika wakati wanaume wameshaanza kurudi kutoka makaburini na majembe mabegani. Nilikaa uani na wanawake, nikapewa sinia la wali na maharage nile pamoja na mabinti wawili wasionijua. "Mama umetokea wapi?" mmoja akaniuliza. Nikasema nimetoka Kibaha, nilifanya kazi na marehemu zamani. "Ile ya umeme?" Nikaitikia. Akaguna, akausimamisha mkono juu ya sinia. "Babu hakupenda hata kuizungumzia. Nguzo zilipofika kijijini akakataa tusivute, mpaka anaingia kaburini tunatumia vibatari." Niliinua macho ili asione uso wangu, na kupitia upenyo wa ua wa makuti nikaona upande wa wanaume, chini ya turubai, mtu mwenye mvi za mapema akila kwa kijiko. Kijiko kilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Dotto. Nilikuwa sijamwona tangu mwaka ule, na kwa miaka yote hiyo nilijua anaishi Kongowe, mwendo wa dakika chache kutoka kwangu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha ufundi na cheti kisicho na mkunjo hata mmoja, na kampuni moja iliyopewa kazi ya kubadilisha taa za barabarani Kibaha ikanichukua. Barabara yenyewe haikuwa ndefu. Ilianzia upande wa Tumbi, ikashuka katikati ya nyumba za watumishi, ikapita kwenye maduka madogo ya Sofu na kwenda kupotelea kwenye njia za vumbi. Taa zake zilikuwa zile za zamani za mwanga wa manjano mzito, ambazo kabla ya kuwaka hutetemeka na kuvuma kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Chini ya mwanga ule rangi zote zilikufa. Khanga nyekundu iligeuka kahawia, majani yakawa meusi, na mtu unayemfahamu vizuri akawa na uso wa maiti aliyekwisha kuoshwa. Sisi tulikuja kuzing'oa na kuweka nyeupe. Tulikuwa watatu. Mzee Kibwana alikuwa fundi mkuu, mtu wa Kisarawe, mpole, mwenye tabia ya kuipigapiga nguzo kwa kiganja kabla ya kuanza kazi kama anayembembeleza ng'ombe. Dotto alitoka Usukumani, mwaka mmoja mbele yangu kwa umri, na yeye ndiye aliyepanda. Mimi nilibaki chini. Kila nguzo ina kimlango kidogo karibu na ardhi, na ndani yake nyaya za kulisha taa. Kazi yangu ilikuwa kufungua kile kimlango, kuingiza testa, kuhakikisha hakuna umeme, kisha kupaza sauti: "Imekufa!" Dotto hakuweka mguu kwenye ngazi kabla ya kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwangu.

Tulipanga Sofu, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Tatu. Wanaume walipewa chumba cha uani, mimi nikapewa cha ndani, kilichopakana na sebule yake. Kwa kuwa kampuni haikuwa na stoo, vichwa vya taa tulivyoviteremsha vililazwa chumbani kwangu, vimeegemezwa ukutani safu kwa safu, vioo vyao vimejaa vumbi na mabawa ya wadudu. Kila jioni, joto la mchana lilipoanza kupungua, mabati yao yalikuwa yakilia. Tik. Kimya. Tik, tik. Nilijua ni bati linalojikunyata kwa kupoa, nilifundishwa hivyo na hata leo ningekueleza hivyo. Lakini nilipokaa kitandani nikisubiri kuitwa kula, nikiwa nimevigeuzia mgongo, nilihisi vinanitazama, basi nikatundika shuka mbele yavyo. Chakula kilikuwa kizuri. Bi Tatu alitupikia kisamvu cha nazi na ugali, siku nyingine mihogo ya kuchemsha na dagaa wa kukaanga, na alitulazimisha tule mkekani hadi sufuria iishe. Dotto alimchekesha sana. "Mama, kwetu mgeni akila hivi anaambiwa aoe hapohapo." Bi Tatu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Ninapokumbuka mikono yake miwili Dotto akimega ugali, hiyo ndiyo sehemu ya mwaka ule ninayoiruka haraka.

Ukuta wa chumba changu haukufika darini, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia. Jioni moja, wakati wa masika, jirani mmoja alikuja kuazima pakacha, na sauti zikashuka ghafla kama zinavyoshuka watu wanapotaja ugonjwa.

"Jana umeme ulivyokatika, uliiona?"

"Niione nini?" Bi Tatu akajibu.

"Ile ya kwa Mwalimu. Mtaa mzima giza, ile inawaka peke yake."

"Mimi nilishaacha kuitazama. Na wewe usiitazame."

"Sasa hawa mafundi wako wakiifikia?"

Nilimsikia Bi Tatu akikokota mkeka, kisha akazungumzia bei ya nazi. Nilichukua orodha yetu ya nguzo, nikashuka na kidole. Ya kumi na nne ilikuwa kwenye kona, mbele ya nyumba yenye ua wa michongoma, ambayo mtaa mzima uliiita kwa Mwalimu. Mbele ya namba yake, kwa mwandiko wa watu waliokagua barabara kabla yetu, iliandikwa: haiwaki, waya umekatika siku nyingi. Nikacheka kidogo peke yangu. Nilikuwa msomi. Taa ambayo haiwaki umeme ukiwepo itawakaje umeme usipokuwepo? Nikaamua kwamba ni maneno ya kina mama, na sikuyapeleka kwa Mzee wala kwa Dotto.

Siku tatu baadaye umeme ulikatika tena, jua linazama, mvua imetoka kunyesha. Bi Tatu alinituma dukani kununua mishumaa. Muuza duka alikuwa amewasha taa ya chemli juu ya meza, na kumbikumbi walikuwa wameivamia kwa maelfu, wanagonga kioo, wanaanguka kwenye mizani, yeye anawafagia kwa kiganja huku akinihesabia mishumaa. Wakati wa kurudi nilichukua njia ya chini, ile inayopita kwenye kona. Sikuwa nimepanga, au nilijiambia hivyo. Nilipokata kona niliiona. Ilikuwa inawaka. Haikutetemeka wala kuvuma, iliwaka kwa ule mwanga wa manjano mzito, na duara lake lilikuwa limelala juu ya lami iliyolowa. Nilisimama nje ya duara. Nilisikiliza kama kuna jenereta linalonguruma mahali, nikasikia vyura tu. Halafu nikagundua kitu ambacho mpaka sasa nikikikumbuka ngozi ya mikono hunisisimka: hakukuwa na mdudu hata mmoja. Jioni ile ambayo kila mshumaa wa Sofu ulizongwa na kumbikumbi, hewa iliyoizunguka taa ile ilikuwa tupu kabisa, safi kama ndani ya chupa. Nyuma ya michongoma niliona baraza ya nyumba ya Mwalimu, na kiti kimoja kimegeuzwa kutazama barabara. Hakikuwa na mtu. Niligeuka, nikazunguka njia ya juu, nikafika nyumbani viatu vimejaa tope.

"Umepita njia gani?" Bi Tatu aliniuliza.

"Ya juu."

Akanitazama miguu, kisha uso. "Haya. Kaa ule," akasema. Dotto na Mzee walikuwa wameshakaa mkekani, mshumaa katikati yao. Hakuna aliyezungumza sana jioni ile, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya uchovu. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu kabisa. Lakini nilikuwa msichana peke yangu kwenye kazi ya wanaume, na nilikuwa nimetumia miezi mitatu kuwaonyesha kwamba siogopi urefu, siogopi umeme, siogopi chochote. Ningeanzaje kuwaambia nimeona taa ya mashetani? Nikameza ugali.

Tuliifikia nguzo ya kumi na nne wiki hiyohiyo, alasiri, mawingu yametanda. Mzee Kibwana alikuwa amezima swichi kuu ya taa za barabara, akalifunga boksi kwa kufuli, ufunguo akautia mfuko wa shati kama kila siku. Alikuwa nguzo ya kumi na tatu akikagua kazi ya asubuhi. Dotto aliegemeza ngazi. Mimi nikapiga goti mbele ya kimlango, na nikakuta kutu imekishika pande zote. Nilitia bisibisi, nikasukuma mara moja. Ningeweza kuongeza nguvu. Nilishawahi kufungua vilivyoshika zaidi ya kile. Lakini nilipoweka kiganja juu ya bati lile nilijua kwamba sitaki kuona ndani kuna nini, na sitaki mkono wangu uingie humo. Nikaiangalia nyumba ya Mwalimu. Kiti kilikuwa palepale.

"Vipi fundi?" Dotto akauliza, glovu moja mkononi, nyingine ameibana kwa meno.

Orodha ilisema waya umekatika siku nyingi. Swichi kuu ilikuwa imezimwa. Nikasema, kwa sauti yangu ya kila siku, "Imekufa!"

Alipanda akipiga mluzi. Juu akajifunga mkanda, akavua glovu ya kulia ili ashike skurubu ndogo za kioo, jambo tulilolifanya sote tukijua hakuna umeme. Nilimwona akiweka kiganja juu ya kichwa cha taa na kukiacha pale kidogo, ametulia, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Alinitazama chini. Mimi nikamtazama. Kisha akafungua kioo na kuingiza mkono. Taa iliwaka. Iliwaka mchana ule, moja kwa moja, na uso wa Dotto juu yangu ukageuka ule uso wa manjano usio na damu, mdomo wazi, bila sauti. Sijui ilichukua muda gani. Ilipozimika alianguka nyuma akaning'inia kwenye mkanda, na ikaja harufu ambayo sitaiandika hapa.

Mzee Kibwana ndiye aliyemteremsha. Alipanda kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa mtu wa umri wake, akamfungua, akamshusha begani. Watu walijaa, gari likapatikana, Dotto akakimbizwa hospitali ya Tumbi akiwa anapumua. Tulibaki wawili kwa dakika chache kabla wenye mamlaka hawajafika. Mzee aliutoa ufunguo mfukoni akautazama, kisha akainama kwenye kimlango. Alikipapasa pembeni kwa kidole. Kutu ilikuwa haijavunjika.

"Ulipima, mwanangu?"

Niliitazama bisibisi yangu ardhini.

Alinitazama kwa muda, na sikuona hasira. Akachukua bisibisi yangu ardhini, akaiingiza, akaegemea kwa uzito wake wote mpaka bati likafunguka kwa mlio. "Ulipima," akasema. "Mimi ndiye niliyesahau kulifunga boksi la swichi kwa kufuli. Umenisikia? Wewe ulipima, ikawa imekufa. Hayo ndiyo utakayosema." Nikatikisa kichwa kukataa. "Tunu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu, "mimi nimebakiza miaka michache. Wewe hata hujaanza."

Ndani ya kimlango, pamoja na waya wa zamani uliokatika, kulikuwa na mwingine mweusi uliotokea ardhini, umeungwa kwa mkono wa mtu mwangalifu. Ningekifungua ningeuona. Siku iliyofuata mkaguzi wa ajali na vibarua wake waliufuata kwa jembe, ukapita chini ya michongoma hadi ukuta wa nyumba ya Mwalimu. Mwenyekiti wa mtaa alivunja kufuli mbele yetu, kwa kuwa Mwalimu alikuwa amefariki tangu kabla ya sisi kufika Kibaha, na watoto wake wako mbali. Chumba cha nyuma kilikuwa na kitanda kimoja, sare ya nesi imetundikwa msumarini, na jenereta dogo limefunikwa kwa khanga. Mkaguzi alifunua tangi, akaingiza kijiti, kikatoka kikavu. Buibui alikuwa amefunga mdomo wa bomba la moshi. Hapo ndipo Bi Tatu, aliyekuwa amesimama mlangoni akishika shingo yake, aliposema. Mke wa Mwalimu alikuwa nesi wa zamu, akirudi kwa miguu, na kona ile aliiogopa. Mwalimu alivuta waya mwenyewe, ili umeme ukikatika mkewe asiikute kona ina giza. Alipofiwa na mkewe aliendelea kuwasha. "Na yeye alipokufa," Bi Tatu akasema, "sisi tukajua imekwisha." Mkaguzi aliandika kwenye karatasi yake kwamba umeme ulirudi kutoka chanzo kisichojulikana, na kwamba boksi la swichi kuu halikufungwa kwa kufuli. La pili lilikuwa uongo, na lilimwachisha Mzee Kibwana kazi. La kwanza sijui niliite nini. Nimekuwa mkaguzi mimi mwenyewe kwa miaka sasa, nimeandika ripoti nyingi za ajali, na kila moja nimeipatia chanzo. Hiyo sikuipatia.

Nilimtembelea Mzee mara moja tu, huko Kisarawe, miezi michache baadaye. Kila nilipofungua mdomo alinikatisha kwa kunionyesha mihogo yake na mahali nguruwe pori wanapopenyea. Wakati wa kuagana alinipa korosho mbichi kwenye mfuko na kuniambia nisome zaidi. Nilisoma. Dotto, mkono wake ulikatwa kwenye kifundo, na alipotoka hospitali sikwenda kumwona. Nilisikia amefungua duka la vifaa vya umeme Kongowe, na kwa miaka yote hiyo, nikihitaji hata soketi moja, nilikwenda kununua Maili Moja.

Alhamisi ile, watu walipoanza kutawanyika, ni yeye aliyenifuata. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho. "Tunu," akasema, akanipa mkono wa kushoto. "Samahani kwa mkono."

Nikalia hapohapo, vibaya, kama mtoto. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kutu ilikuwa haijavunjika, kwamba sikupima, kwamba Mzee alikifungua yeye. Nikamwambia niliiona taa ikiwaka jioni ile ya kumbikumbi na nikanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Alisikiliza akitazama chini, akikwaruza ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Ya kutopima nilijua," akasema. "Mzee aliniambia nikiwa bado wodini. Alitaka nimchukie yeye au nisimchukie mtu, nichague."

"Na ukachagua nini?"

"Ilinichukua muda." Akaacha kukwaruza ardhi. "Na ile taa, mimi niliiona mara mbili. Mzee naye aliiona, jioni ileile, alikuja kuniambia kabla hajafa. Tulikaa mkekani kwa Bi Tatu sisi watatu, kila mmoja ametoka kuiona, tunakula."

Uani walikuwa wakikusanya masinia, na mtu alikuwa akimwita Dotto kwa gari la kurudi Kibaha. Hakuondoka. Aliinua kile kifundo kilichobaki, akakitazama kama kitu alichokiokota.

"Nikuulize kitu ambacho sijamwambia mtu," akasema. "Uliniona nilivyoishika kwanza? Juu, kabla ya kufungua?"

"Nilikuona."

"Ilikuwa ya moto, Tunu. Ya moto kama taa iliyowaka usiku kucha. Mkono wangu uliniambia kabisa." Akanitazama, na hakukuwa na lawama usoni mwake, na hilo ndilo ninalokwenda nalo kitandani tangu siku ile. "Lakini wewe ulishasema imekufa. Nikakuamini wewe kuliko mkono wangu."